Kinyonga Aliyesema Nishike

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, tangu herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Naapa kwa meno yangu yaliyobaki. Nikikutwa na uongo, hata wa saizi ya punje ya sukari, basi lile kopo langu la tofi, nililolificha mahali ambapo hata panya wa nyumba hii hawajapagundua, litoke na kugawiwa kila aliyemo ndani. Mnanijua. Kwa tofi sina mchezo. Kwa hiyo mjue sidanganyi.

Mpelelezi alifika kiwandani asubuhi, jua likiwa limeshaanza kuchoma mabati. Kiwanda chenyewe kilinukia sukari ya kuungua kiasi kwamba nyuki waliokatiza juu ya paa walisahau safari yao wakatua kuomba kazi. Gari liliendeshwa na dereva mmoja mtanashati, mwenye macho ya mwewe na akili ya kukata wembe. Nitamrudia baadaye, maana bila yeye kesi hii isingekwisha.

Ofisini walikuwa watu watatu. Mkurugenzi alikaa nyuma ya meza, tumbo likiwa limekaa mbele yake kama mgeni wa heshima. Kwenye sofa alijinyoosha meneja wa mauzo, ambaye ni shemeji yake mkurugenzi, kaka wa mkewe. Na mlangoni alisimama msanifu, binti mchoraji wa vifungashio vya kiwanda hicho. Alisimama kwa sababu hakuna aliyemwambia akae. Nje ya mlango, mlinzi alikuwa akisubiri kumsindikiza.

"Karibu, Afande," mkurugenzi alisema.

"Mimi si afande. Ni mpelelezi wa kukodiwa. Nioneshe ulichoniitia."

Mkurugenzi aliweka mezani karatasi ya tofi. Ilikuwa imechorwa kinyonga wa manjano aliyetoa ulimi mrefu, na ncha ya ulimi imejizungusha kwenye tofi. Juu yake yameandikwa maandishi manene: NIKAMATE!

"Hii imeingia madukani leo. Ya wenzetu wa ng'ambo ya barabara. Yetu ilikuwa itoke wiki ijayo. Kinyonga wetu, ulimi wetu, mpaka huo mkunjo wa mkia ni wetu. Wamebadilisha neno tu wakajiona wajanja."

"Na ya kwenu iko wapi?"

"Kwenye friji ya msanifu, kwa kufuli. Kwa nini friji, nitakuambia tukiwa wawili. Walioiona ni mimi, huyu binti na fundi wa mashine. Mimi siwezi kujiibia. Fundi simu yake ni ya kubonyeza, kamera hana. Sasa niambie amebaki nani."

"Shemeji, unapoteza pesa zako," meneja wa mauzo alidakia, bila kuinuka. "Mwizi huyo hapo mlangoni. Mimi meneja mzima, karatasi yenyewe sijaitia machoni, mnanificha kama mpangaji. Halafu binti wa juzi ndiye mwenye ufunguo! Na kwa kazi gani hasa? Kinyonga anasema nishike! Nani atashindwa kumshika kinyonga? Mnyama anatembea kama mtu anayekumbuka alikoacha ndala. Ningeulizwa mimi, ningeweka sungura."

"Hukuulizwa," msanifu alisema.

"Umeona mdomo huo?"

Mkurugenzi alipiga meza. "Kengele ya kutoka ikilia, binti huyu anatoka na mlinzi. Kisha nitapiga simu kila kiwanda ninachokijua, nimtaje kwa jina."

"Mzee, ukipiga simu hizo," msanifu alisema, "hakuna atakayenipa kazi ya kuchora hata ganda la kiberiti."

"Basi thibitisha kwamba si wewe."

"Kuthibitisha ni kazi yangu," Mpelelezi alisema, akaichukua ile karatasi ya manjano kwa ncha za vidole. "Yeye anioneshe chumba chake."

Chumba cha msanifu hakikuwa na ukuta. Yaani ukuta ulikuwepo, ila hauonekani: umebandikwa maganda ya pipi, biskuti na bisi kutoka kila mahali, toka chini hadi darini. Mpelelezi alitembeza macho taratibu. Kulikuwa na mifuko yenye dirisha ili mtu aone bisi zenyewe kabla hajanunua. Kulikuwa na maboksi ambayo ukimaliza biskuti unayakunja yanakuwa twiga. Kulikuwa na makopo yaliyochorwa kizamani kabisa, yakijifanya yametoka kwa bibi, kumbe yamechapishwa mwaka huu.

"Mbona haya hayang'ai?" Mpelelezi aliuliza, akigusa mfuko wa karanga wenye rangi iliyofifia kama chaki.

"Ndiyo fasheni ya sasa. Zamani kila mfuko uling'aa kama sufuria mpya. Rafu nzima inametameta, hakuna kinachoonekana. Akatokea mtu akauzima mng'ao, macho yote yakaenda kwake. Sasa wote wamezima, tumerudi palepale." Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mimi nikasema, macho yameshachoka. Wacha niuombe mkono."

Alifungua kufuli la friji akatoa karatasi moja, akaiweka mezani. Kinyonga alikuwa wa kijani kibichi. Mdomo ameufunga. Juu yake: NISHIKE!

"Lakini huyu si yule," Mpelelezi alisema.

"Mshike."

Mpelelezi aliifumbata karatasi kiganjani, akahesabu pumzi chache, akafumbua. Kinyonga alikuwa wa manjano, na pale palipokuwa patupu umetokeza ulimi mrefu, umekamata tofi. Na ninyi mnaosoma, msinibishie: Mpelelezi, mtu aliyewahi kumtazama simba machoni mpaka simba akaomba radhi, aliruka hatua moja nyuma.

"Ni wino wa joto," msanifu alieleza. "Akipoa anakuwa kijani na ulimi unapotea. Ukimpa joto la mkono anageuka. Ndiyo maana anasema nishike. Nishike mkononi. Mzee alikataza tusimwambie mtu, hata watu wa mauzo, ili siku ya uzinduzi kila mgeni apewe moja ya baridi na ashangae mwenyewe."

"Umemwonesha nani?"

"Hata mama yangu sijamwonesha."

"Za majaribio zote zipo?"

"Zote zimo humu, isipokuwa moja iliyofungiwa tofi. Mzee aliichukua akamwoneshe mkewe."

Mpelelezi aliiweka karatasi ya mshindani ndani ya friji, akafunga mlango, akaegemea. Baadaye akaitoa. Ya manjano, ulimi nje. Akaisugua, akaipulizia, akaiweka tena kwenye barafu. Ya manjano.

"Mzee anasema wino uliwashinda kuupata," msanifu alisema.

"Na wewe?"

"Wino huu unaagizwa tu kama wino mwingine. Wangeutaka, wangeupata."

"Hawakuutaka, kwa sababu hawakujua upo." Mpelelezi aligonga kidole juu ya neno NIKAMATE. "Angalia hapa. Walitaka kubadilisha neno lako lisifanane. Wakasoma nishike, wakajiuliza lina maana gani. Kama wangejua siri ya mkono wangeandika nibebe, niguse, nipe joto. Wao wakadhani kinyonga anakimbizwa. Wakaandika nikamate."

Msanifu alifungua mdomo, akaufunga, kama kinyonga wake.

"Aliyeiba alimwona mara moja tu," Mpelelezi aliendelea, "naye alikuwa tayari wa manjano. Ameiba nusu. Wewe uliyemtoa kichwani mwako usingeuza nusu. Ila mkurugenzi hatanielewa kwa maneno. Atataka mtu. Nioneshe mahali pa joto humu kiwandani."

Mahali pa joto palikuwa pamoja tu: kwenye mashine ya kufungasha. Mashine hiyo ilikuwa na taya za chuma zilizobana karatasi kwa moto, na ilifunga tofi kwa kasi kiasi kwamba siku moja nzi alitua pale kupumzika, akatoka upande wa pili amefungwa na ameandikwa bei. Fundi wake alikuwa mzee mkavu, amevaa ovaroli. Alipoona wageni aliingiza mkono mfukoni haraka.

"Toa ulichoficha," Mpelelezi alisema.

"Sijaficha kitu."

"Mzee wangu, mkono unaoingia mfukoni kwa kasi hiyo huwa haujaenda kupumzika. Toa."

Fundi alitoa kipande cha karatasi kilichochanika. Kinyonga wa manjano. Ulimi nje. Msanifu alishika kichwa. "Fundi! Ni wewe?"

"Mimi nini? Hiki kilichanwa na mashine siku ya majaribio, nikaambiwa nitupe. Sikutupa."

"Kwa nini?" Mpelelezi alisogea karibu. "Ulitaka kumpelekea nani?"

"Nimpeleke wapi? Nakaa naye hapa." Fundi alifungua chupa yake ya maji ya baridi, akamwaga kidogo juu ya karatasi. Kinyonga akawa kijani, ulimi ukatoweka. "Umeona? Nikimmwagia maji ananyamaza. Humu ndani kuna meneja, mimi namwita Kelele, kuna msimamizi, nyumbani nina mke na mama mkwe. Huyu ndiye pekee anayefunga mdomo nikimwambia."

Mpelelezi hakucheka, lakini haikuwa rahisi. Mtu aliyejua kumnyamazisha kinyonga kwa maji alijua siri yote. Naye hakuwa mwizi wa nusu. Kwa upande wa fundi, kesi ilikuwa imefungwa.

"Tumebakiwa na muda?" msanifu aliuliza.

Mpelelezi alitazama madirisha ya juu. Jua lilikuwa limeshahama upande. "Upo. Imebaki karatasi moja ambayo haikulala kwenye friji."

Na hapa, wapendwa wasomaji, ndipo anaingia yule dereva.

Wakati Mpelelezi akihangaika ndani, dereva hakukaa bure. Alizunguka uwanja wa magari kwa mwendo wa chui, akikagua kila gurudumu. Akapiga soga na mlinzi wa geti, soga ya kimkakati. Kisha akachungulia gari la mkurugenzi, lililoachwa vioo wazi kwa sababu ya joto, na juu ya dashibodi, juani, akaona karatasi. Mara moja akili yake ikafanya hesabu za jua, kioo na wino. Akaitwaa karatasi kwa leso safi, akamkimbilia Mpelelezi, akasema kwa sauti tulivu: "Mkuu, chunguza hii. Nimebaini kwamba joto la dashibodi linamfanya kinyonga awe wa manjano mchana kutwa. Aidha, mlinzi ameniarifu kwamba kila mchana gari hili huendeshwa na shemeji kwenda kula. Hitimisho nakuachia wewe."

Mpelelezi alimtazama kwa heshima kubwa, akasema, "Ningekuwa na madereva watano kama wewe, wahalifu wangefunga maduka." Hayo ndiyo maneno yake. Nakumbuka vizuri.

Wakarudi ofisini. Mkurugenzi alikuwa ameshavaa koti. Shemeji alikuwa bado kwenye sofa, simu mkononi. Mlinzi alisogea karibu na msanifu.

"Kabla ya kengele," Mpelelezi alisema, "nina maswali mafupi. Mkurugenzi, ile tofi uliyomwonesha mke wako, iliishia wapi?"

Mkurugenzi alipapasa mifuko. "Niliiacha... nadhani garini."

"Kwenye dashibodi. Iko pale tangu siku hiyo, inaota jua." Mpelelezi aliigeukia sofa. "Na wewe, shemeji mtu, hujawahi kuiona karatasi ya kiwanda chenu?"

"Nimeshasema. Kwa macho yangu haya, sijawahi. Nimeiona hii ya wezi tu, leo, hapa."

"Hii hapa?" Mpelelezi aliinua ile ya mshindani. "Hebu nisomee."

"Wewe hujui kusoma?"

"Nisomee tu."

"Nikamate. Haya, umefurahi?"

"Nimefurahi sana. Asubuhi, ulipokaa hapohapo, ulimcheka kinyonga wa msanifu. Ulisema anasema nini?"

Shemeji alijigeuza. Sofa ilitoa mlio.

"Nikusaidie. Ulisema: kinyonga anasema nishike. Karatasi pekee uliyoiona inasema nikamate. Neno nishike limeandikwa mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo hujawahi kupaona kwa macho yako hayo."

"Ni kitu kimoja! Kushika, kukamata, tofauti iko wapi?"

"Ndivyo hasa alivyofikiri mwizi," Mpelelezi alisema.

"Binti huyu aliniambia!"

"Mimi?" Msanifu alicheka kwa mshangao. "Wewe hata salamu yangu huitikii."

"Basi nilisikia kwa fundi!"

"Fundi anakuita Kelele," Mpelelezi alisema. "Anakutafutia maji ya kukumwagia."

"Sawa, niliiona garini! Ilikuwa imekaa tu pale! Mtu kuona kitu garini ni kosa?"

"Si kosa. Kosa ni kuapa hujakiona." Mpelelezi aliweka mezani ile karatasi ya garini, na kando yake nyingine kutoka friji, ya kijani, mdomo umefungwa. "Mkurugenzi, ulidhani wamekosa wino. Hawakukosa. Aliyewauzia picha alipiga juani, akaona manjano, akadhani ndiyo yote. Shemeji yako huyo hata sasa hajui kwa nini hizi mbili ni karatasi moja. Mtazame."

Shemeji alikuwa akikodolea macho zile karatasi mbili kama mtu aliyeletewa watoto wawili akiambiwa ni mmoja.

Mkurugenzi hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililowatisha. "Shemeji. Weka simu mezani. Nataka kuona picha za wiki zilizopita."

Simu haikuwekwa. Shemeji aliifumbata kwa mikono miwili, akairudisha kifuani, jasho likimtoka. "Waliniahidi ukurugenzi," alisema hatimaye. "Hapa nitaitwa shemeji mpaka nizeeke."

"Mlinzi," mkurugenzi aliita, "kuna mtu wa kusindikiza. Siyo huyo. Huyu."

Mlinzi akamtia mkono begani. Mpelelezi akasema, "Hapo sasa ndipo ilipo tofauti. Ulikuwa umeshika simu. Sasa umekamatwa."

Kengele ilipolia, msanifu alikuwa ameketi. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyemvutia kiti, na kwa kuwa hakujua kuomba radhi, aliuliza tu kama uzinduzi bado unaweza kufanyika wiki ijayo.

"Unaweza kufanyika kesho," msanifu alisema. "Watoto watanunua wa jirani, watamfumbata, hatageuka. Kisha watamnunua wetu. Wao wenyewe watasema yule mwingine ni maiti."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kinyonga maiti aliondoka madukani kabla mvua hazijaanza, na msanifu akawa anamtumia Mpelelezi kopo la tofi kila mwaka, mpaka leo.

Nilikuwa nimefika hapo, naweka nukta, nikasikia mtu anapumua nyuma ya kiti changu.

"Alimtazama simba machoni?" sauti ikauliza.

Mke wangu alikuwa amesoma yote. Nami sikumsikia, maana ana hatua za mtu aliyefanya upelelezi maisha yake yote. Ndiyo, jamani. Mpelelezi ni yeye. Sikusema ni yeye, lakini pia sikusema ni mimi. Kama mlidhani ni mimi, hilo ni lenu.

"Simba ni mapambo tu," nikasema.

"Na nzi aliyeandikwa bei?"

"Mapambo."

"Sawa. Na huyu dereva mtanashati ni nani?"

"Si unamjua mwenyewe, mama."

"Ninayemjua mimi alikuwa amevaa shati limefungwa vifungo kombo." Akavuta kiti, akakaa, akaweka kidole kwenye aya ile. "Leso safi. Mwendo wa chui. Mzee wangu, mimi nilitoka nje nikakukuta mdomo umejaa. Nikakuuliza unatafuna nini, ukasema 'hamna'. Kwa mdomo huo huo. Karatasi ilikuwa imekuganda kidoleni, imeyeyukiwa na tofi, ndiyo maana niliiona. Uliingiza mkono kwenye gari la mteja wangu ukala kielelezo!"

Wajukuu walikuwa wameshakusanyika mlangoni. Wana masikio ya sukari hao.

"Lakini karatasi ndiyo ilikuwa ushahidi," nikajitetea. "Tofi haikuhitajika."

"Na ile hotuba ya jua na kioo?"

"Niliifikiria."

"Ulisema, 'Ni tamu, lakini imeiva na jua.' Hapo ndipo nilipoelewa. Huko kwingine kote kwenye kisa hiki umeandika sawasawa, nakupa haki yako. Hapa umedanganya." Akanyoosha kiganja. "Kopo."

"Kopo gani?"

"Lililo ndani ya buti la mvua, nyuma ya mlango wa stoo, umelifunika na soksi."

Panya hawakupagundua. Sikuwa nimeapa kuhusu mpelelezi.

Basi likatoka. Akaligawa yeye mwenyewe, mbele yangu, kila mjukuu na fungu lake, mpaka jirani aliyekuja kuazima ungo akaondoka na mkono mtamu. Nikakaa nikitazama chini ya kopo likitokeza. Nilipouliza fungu la mwandishi, mke wangu alimenya ya mwisho, akaitia mdomoni, akanipa karatasi.

Ilikuwa imelala kwenye baridi la stoo, kinyonga wa kijani, mdomo kafunga. NISHIKE!

Nikamshika. Akanitolea ulimi.